Baiskeli Mlangoni pa Kaya

Tangu ilipofunguliwa sehemu ya kwanza ya ile njia kubwa ya michezo ya Riyadh, mwezi wa Februari mwaka 2025, njia ambayo itakapotimia itapita zaidi ya kilomita 130 kutoka Wadi Hanifah upande wa magharibi hadi Wadi Al-Sulai upande wa mashariki, vijana wa kwetu wakaao mtaa huu wa Al-Naseem, ambao wengi wao wamezaliwa papa hapa Saudia na wazazi waliotoka Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja, wameingiwa na mapenzi ya baiskeli hata baada ya sala ya isha hawana mazungumzo mengine. Wamenunua baiskeli za milimani, zenye tairi nene na gia nyingi na springi mbele, ambazo bei yake sitaitaja kwa kuwa wazazi wao pia husoma. Na sasa wameazimia kuzichukua ndegeni wakati wa likizo, wateremke nazo Mombasa, wapande Malindi, kisha waifuate pwani ya misitu kwa magurudumu mpaka Kinondo.

Habari ya safari hiyo ilipoletwa barazani, mimi niliifurahia kwa sababu naijua njia yenyewe. Mambo yalikwenda vizuri mpaka lilipotajwa jambo la makaya. Msomaji asiye mtu wa pwani ya Kenya huenda akahitaji kuambiwa kwamba kaya ni misitu iliyoko aghalabu juu ya vilima, ambamo zamani Wamijikenda walikaa katika miji yao yenye maboma, na baada ya kuhama na kwenda kulima nje, wazee wao wakaiacha misitu ile isimame, ikawa mahali pa makaburi, pa dua na pa mashauri, wala mti haukatwi ndani yake. Mwaka 2008 shirika la UNESCO liliyaandika makaya kadhaa katika orodha ya urithi wa dunia. Basi anayeingia huko huingia kwa masharti ya wazee, na masharti hayo ndiyo yaliyozua mjadala. Mwenzetu mmoja, mtu mcha Mungu na mpole, alisema kwamba kuyafuata ni kuukaribia ushirikina, bora vijana wasiende kabisa. Kijana mmoja akajibu kutoka upande wa pili kwamba msitu ni msitu, njia ni ya kila mwenye miguu, na kwamba yeye amekwisha kuona katika filamu jinsi watu wa Kanada wanavyopita na baiskeli katikati ya miti mikubwa bila kumwomba mzee ruhusa.

Wakanigeukia. "Mjomba, nyinyi mlipokwenda mlifanyaje?"

Jibu la swali lile ni refu kuliko kikombe cha kahawa, na ndiyo maana naliandika.

Tulikwenda mwaka 2009, mwaka mmoja baada ya uandikishaji ule, tulipokuwa vijana wa Mombasa wenye kazi ndogo na nguvu nyingi. Baiskeli zetu zilikuwa za mtumba kutoka Ulaya, isipokuwa ya sahibu mmoja aliyekuja na Black Mamba ya baba yake, chuma kizito kisicho na gia hata moja, chenye kerea nyuma ya kubebea magunia. Na nataka ijulikane tangu sasa kwamba katika masaibu yote yaliyotupata njiani, chuma kile hakikutoa hata mlio. Tuliziweka zote juu ya pikapu ya jamaa wa mmoja wetu, tukafikishwa Malindi, tukalala, na alfajiri tukageuza magurudumu kuelekea kusini.

Msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao serikali iliuweka katika hifadhi tangu mwaka 1943, una kilomita za mraba zipatazo 420, na ndio mkubwa kupita yote iliyosalia ya aina yake katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Lakini mtu aliyekwenda Malindi kwa basi maisha yake yote, kama tulivyokuwa sisi, haujui ila kwa ukuta wa kijani unaokimbia dirishani kati ya kijiji na kijiji. Tulipoingia ndani kwa njia ya udongo, ukuta ule ulifunguka ukawa nchi. Kwanza ulikuwa msitu wa mchanganyiko, miti ya kila namna iliyoshikana. Halafu ardhi ikageuka mchanga mweupe laini kama unga wa sembe, na juu yake imesimama mirihi iliyoachana, mwanga ukipita katikati. Na mbele zaidi udongo ukawa mwekundu, miti ikawa mifupi iliyosongamana hata mtu hawezi kupenyeza mkono. Msitu mmoja, na ndani yake misitu mitatu, kila mmoja ukifuata udongo wake.

Katika mchanga ule mweupe tairi zilizama. Wenye gia walibadilisha gia, wenye nguvu walisimama juu ya pedali, lakini mwisho wa yote kila mtu alishuka akasukuma, na ndipo msafara ulipotulia na macho yetu yakaanza kufanya kazi. Tuliona mavi ya ndovu, ya jana au ya juzi, na hatukuona haja ya kumtafuta mwenyewe. Tukamwona sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu ya kuchakura majani na mgongo mweusi unaoishia kwa manjano ya dhahabu, ambaye duniani hana makao makubwa kuliko msitu huu. Alisimama njiani kiasi cha mtu kusema bismillahi, akapiga mkia chini, akatoweka. Lau tungalikuwa tunakimbia, tungalimpita. Tangu siku ile nimeamini kwamba mwendo wa kuujua msitu ni ule wa kusukuma baiskeli, na kwamba baiskeli faida yake kubwa ni kukufikisha mahali ambapo huwezi tena kuipanda.

Mchana tuliingia Gede, penye magofu ya mji wa Waswahili wa kale uliomezwa na miti, na pale tukakuta habari iliyonifunza jambo. Zamani wakazi wengi wa vijiji vya kandokando waliuona msitu ule kuwa ardhi ya shamba iliyozuiliwa bure, tena yenye ndovu na nyani wanaotoka kula mihogo yao. Na mtu mwenye njaa huwezi kumlaumu kwa kutamani shoka. Mwaka 1993 ukaanzishwa pale mradi wa Kipepeo, ambamo wakulima hufuga vipepeo wa msitu, na pupa wao hupelekwa ng'ambo kwa wenye nyumba za maonyesho. Bibi mmoja alitufungulia kizimba chake cha wavu, akatuonyesha kwenye kijiti safu ya pupa zinazoning'inia, moja ya kijani iliyokunjamana mithili halisi ya jani lililoanza kukauka, nyingine yenye madoa ya fedha. Alituambia kwamba vipepeo hawa hawazai ila juu ya majani ya miti fulani ya msituni, kwa hiyo akisikia mtu anakata miti hiyo yeye ndiye wa kwanza kupiga kelele. Alisema hivyo bila majivuno, kwa sauti ya mtu azungumzaye habari za kuku wake. Mlinzi wa serikali analipwa mshahara ili auhifadhi msitu. Bibi yule alikuwa akiuhifadhi kwa sababu ada ya shule ya watoto wake imening'inia kwenye kijiti.

Hori la Mida tulilipita upesi kwa kuwa maji yalikuwa yanajaa, ingawa tulipata kutembea juu ya daraja la mbao lililotundikwa kati ya mikoko, ambalo wageni hulipia, na malipo yao huingia katika kusomesha watoto wa vijiji vya jirani. Nitaongeza neno moja tu kuhusu mikoko. Boriti zake, zilizokatwa Lamu na Rufiji na kwingineko, ndizo zilizobebwa na majahazi karne nyingi kwenda Uarabuni na nchi za Ghuba kuezekea nyumba, hata upana wa vyumba vya kale vya huko ulikuwa ukipimwa kwa urefu wa boriti za kwetu. Na serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuzipeleka nje mwaka 1982. Waarabu wa leo wanajenga kwa zege, nasi tunakata kwa mahitaji yetu wenyewe, kwa hiyo lawama haina tena mahali pa kwenda ila nyumbani.

Tulivuka daraja la Kilifi, na Mavueni tukaiacha barabara ya pwani, tukaanza kupanda kuelekea Kaloleni. Hapo ndipo mahali ambapo baiskeli ya milimani hupata jina lake: minazi juu, minazi chini, kilima kinashusha pumzi na kingine kinaipokea. Tairi la mmoja wetu likachomwa na mwiba, tukamkuta fundi chini ya mwembe. Akauvua mpira wa ndani kwa mipini miwili ya vijiko, akautia pumzi, akauzamisha kidogo kidogo ndani ya karai la maji mpaka viputo vikapanda mahali pamoja. Akapakausha kwa shati lake, akapakwaruza kwa kipande cha msasa, akapaka gundi, akaipulizia ikauke, kisha akabandika kiraka alichokikata kutoka mpira mkuukuu, akakigonga kwa kisigino cha nyundo. Katika muda wote huo hakuacha kuzungumza. Tulipomwambia kwamba twaelekea kwenye kaya, alitueleza kuwa babake alipokuwa kijana aliwahi kukata mti mmoja ndani ya kaya ya kwao kwa ajili ya nguzo ya nyumba. Wazee wakamwita. Hakupigwa, hakufungwa, wala polisi hawakujua. Alitozwa mbuzi, mbuzi akaliwa, na nguzo ikarudishwa ikaozea kule kule ilikokatwa. "Mbuzi si kitu," fundi akasema, akijaza pumzi. "Babangu alikuwa na mbuzi wengi. Ila mpaka anakufa, kila akipita sokoni watu walikuwa wakimwuliza bei ya nguzo."

Nimesoma baadaye mengi yaliyoandikwa na wataalamu kuhusu uhifadhi wa misitu, na sikuona ndani yake maneno yaliyonitosheleza kuliko yale. Sheria inayo askari, na askari hulala, au huhamishwa, au hupewa chochote akaangalia pembeni. Haya hailali. Ila haya nayo ina sharti lake, ambalo ni kwamba watu wawe wanajuana. Na hapo ndipo penye shaka kuhusu zama hizi, maana anayenunua mkaa mjini hamjui aliyeukata, wala anayemwuzia mtalii kigango cha wizi, yaani ule mti uliochongwa wa kumkumbuka marehemu, hataulizwa na mtu sokoni. Vigango kadhaa vya Wamijikenda vimefika hadi katika majumba ya makumbusho ya Marekani, na baadhi yake vimerudishwa. Aliyevibeba kwanza hakutozwa mbuzi.

Katika nchi ile ya Jibana, Kambe na Ribe, ambako makaya yamekaribiana, tulifika kwenye mlango wa mojawapo ambayo wazee wake hawakupenda itangazwe, nami sitaitangaza. Mlango wenyewe si mlango: ni mahali ambapo njia inajibana kati ya miti miwili, na baada yake kivuli. Mzee aliyepelekewa habari zetu alikuja polepole, akaketi juu ya gogo, tukaamkiana, akatuuliza tumetoka wapi na watoto wa nani, na mmoja wetu alipotaja ukoo wa mamake mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Kisha akasema tuingie, ila baiskeli zetu zikae nje.

Mwenzetu mwenye baiskeli bora kupita zote, ambaye aliinunua kwa ajili ya njia kama ile, hakuridhika. Akasema kwa adabu, lakini kwa ukali uliofichwa, kwamba baiskeli haitoi moshi, haina kelele, haikati mti, na mahali hapa sasa ni urithi wa dunia nzima.

Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, "dunia nzima haijapata kuja hapa kuzima moto." Akainuka, akachukua fimbo yake, akamwonyesha njia ile ilivyo: nyembamba, upana wa mtu mmoja, inakwenda ikipinda kila mzizi, majani yamelala juu yake hayakuvurugwa. Akaeleza kwamba mguu hukanyaga hapa na kesho pale, lakini gurudumu hupita mahali pamoja, la kwanza na la pili na la kumi, likachora mfereji. Mvua ya masika ikija huufuata mfereji ule, mizizi ikabaki uchi, na mti ulioishi kabla ya babu yake ukaanguka kwa sababu ya kijana aliyekuwa na haraka. Nilikuwa nimejiweka tayari kusikia habari za mizimu, nikasikia habari za maji na udongo ambazo bwana shamba yeyote angezitia muhuri. Huenda za mizimu nazo zilikuwapo, akazihifadhi kwa kuwa alituona si watu wake.

Tuliingia kwa miguu.

Kutoka Mazeras hadi Mombasa, kati ya malori yanayotoka bandarini, sina la kusimulia ila moshi na dua. Tulivuka feri ya Likoni, tukaifuata barabara ya pwani ya kusini mpaka Diani, ambako kati ya hoteli na hoteli vimesalia vipande vya msitu uliokuwa umeifunika pwani nzima. Juu ya barabara ile wamefunga ngazi za kamba kutoka mti hadi mti, ili mbega wenye mabega meupe wavuke wasigongwe na magari. Na nilimwona mmoja akivuka taratibu, mwanawe amemshikilia tumboni, chini yake teksi imepiga breki. Nilizipenda ngazi zile, na papo hapo zilinihuzunisha, kwa kuwa ni kiraka, na kiraka hakibandikwi ila mahali palipokwisha tobolewa.

Kinondo ndiyo kaya iliyowafungulia wageni mlango tangu mwaka 2001, na ada ya kiingilio huwasaidia Wadigo wa vijiji vya hapo. Mgeni hufungwa kaniki kiunoni, huvua kofia, haokoti kitu wala haachi kitu, na ndani huoneshwa mti mkubwa ambao huambiwa aukumbatie. Tulipofika kwenye sharti hili, sahibu yetu wa Black Mamba, ambaye alikuwa amehifadhi Kurani nzima na hakuwa mtu wa kubishana, alisema kwa upole kwamba yeye moyo wake hauridhiki na jambo la mti, akauliza kama aweza kubaki nje. Kiongozi wetu hakukunja uso. Akamletea kigoda na dafu, akamwambia kwamba asiyeingia hajavunja sharti lolote. Sahibu akakaa na baiskeli zetu chini ya mkwaju, na tulipotoka tulikuta ameshika tasbihi na amezungukwa na watoto wanaotaka kupiga kengele zetu zote kwa zamu.

Miaka michache baadaye riziki ilinileta Saudia, kwanza mtaa wa Al-Naseem wa Jeddah na baadaye huu wa Al-Naseem wa Riyadh, jina moja na hewa mbalimbali. Nilipokuwa Jeddah, siku za Ijumaa alfajiri tulikuwa tukitoka na baiskeli kufuata bahari, na mara nyingine tulizipakia garini mpaka kaskazini, upande wa Thuwal, ambako miti ya mchu, ile ile ya kwetu, imesimama ndani ya maji ya chumvi, mifupi na yenye subira, nyuma yake jangwa. Huko ndiko nilikoanza kuuliza wenyeji juu ya miti, na mzee mmoja wa milima ya Taif akanieleza habari za hima: ardhi ya malisho na miti ambayo kabila hukubaliana isilishwe wala kukatwa ila kwa msimu na kwa kipimo, na mwenye kukiuka hutozwa mnyama. Nilicheka, akaniuliza kinachonichekesha, nikamsimulia mbuzi wa babake fundi.

Jambo hilo si geni katika dini. Mtume, rehema na amani zimfikie, aliufanya mji wa Madina kuwa haram, miti yake isikatwe na wanyama wake wasiwindwe, na aliweka hima ya Naqi kwa ajili ya farasi wa jihadi. Na Makka hata mwiba wake haung'olewi. Mwaka 1953 amri ya serikali ya Saudia iliondoa mamlaka ya hima za makabila, malisho yakawa ya wote, na yaliyo ya wote yakaliwa na wote, hata zilizosalia katika milima ya Taif na Asir ni chache. Leo dola hii hii, kwa himma inayostahili sifa, imetenga hifadhi kubwa za kifalme tangu mwaka 2018, na imeazimia kupanda miti milioni 7.5 katika jiji la Riyadh pekee. Nami kila nikipita usiku nawaona vibarua, aghalabu wageni wenzangu, wakikagua mabomba membamba yanayodondosha maji chini ya kila mche. Gharama ya mche mmoja mpaka utoe kivuli siijui, lakini najua kwamba miti ya makaya ilisimama kwa gharama ya mbuzi.

Basi mwenzetu mcha Mungu nimemjibu kwamba simtaki mtu aukumbatie mti ambao dhamiri yake inaukataa, na kwamba wenyewe hawamtaki pia. Lakini kushuka mlangoni pa mtu, kuvua kofia yako kwa kuwa mwenye nyumba ameomba, na kuacha jani mahali lilipo, sioni kwamba ni ibada ya yeyote. Kijana wa filamu za Kanada nimemwambia kwamba njia za huko zimechongwa na kukarabatiwa kwa ajili ya magurudumu, na njia ya kaya haikuchongwa na mtu. Arabuko-Sokoke waende na baiskeli kwa ruhusa ya ofisi ya msitu ya Gede, na wachukue maji maradufu ya wanayodhani yatawatosha. Kilima cha Mavueni wakipande asubuhi. Na kufuli wachukue nzuri, kwa maana baiskeli zao ni ghali kuliko zetu, na mlangoni pa kaya hazitakuwa na mlinzi mwingine ila yule miongoni mwao ambaye moyo wake haukuridhika kuingia.